Ngano ya Mwaka wa Pili

Mlali, Ijumaa, saa tisa alasiri

Mwanangu Skola,

Hali yako siiulizi. Nimekusikia asubuhi ukiimba huku unafunga begi, na mtu anayeimba akifunga begi ni mzima. Saa hizi uko stendi ya Msamvu unakata tiketi ya Makambako, nami nimejifungia chumbani na daftari lako la mwaka wa kwanza chuoni, lile uliloliacha na kurasa nyingi tupu.

Huko uani wanawake wa ukoo wetu wanapika chakula cha kukuaga. Wameshuka kutoka Mgeta alfajiri juu ya gari la kabichi, na mpaka sasa wanasimuliana jinsi Mama Leonsia alivyokaa kwenye gunia la karoti akidhani ni kiti. Ulipotoka ulimwona mke wa mjomba wako, Mama Kasiani, amesimama kwenye sufuria kubwa ya wali, mwiko mkononi. Ulisita mlangoni. Ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, leo anapika yeye?" Nikakujibu, "Anapika yeye." Ukafunga kamba za viatu, ukaondoka. Nilikusoma usoni kwamba unafikiria kurudi ukiwa umeshakula hukohuko stendi.

Sikukulaumu. Woga huo nilikulisha mimi, na barua hii ni ya kukueleza nilivyokulisha.

Nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, uikute kesho ukishapita Mikumi. Wakati huo utakuwa umeshayasikia haya kwa ufupi, maana leo kabla watu hawajala nitasimama niyaseme mbele yao. Lakini mbele za watu mtu husema kwa haraka ili akae chini. Wewe nataka uyapate yote, pamoja na mambo madogo ambayo hayana faida kwa mtu mwingine.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za baridi ya Makambako, wala za kutokula chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi. Hayo unayajua, na hilo la mwisho ndilo nisilokuwa na haki ya kukufundisha.

Kazi uliyopata huko ni ya kusimama mlangoni mwa ghala, kuchoma gunia kwa bambo, kuzitazama punje zilizomiminika kiganjani na kusema zipokelewe au zirudi. Wewe umeisomea kuliko mimi. Mimi nilikuwa bibi shamba wa kawaida, wa buti na pikipiki, na nilichojua kuhusu nafaka nilikijulia milimani. Lakini nilisema "ndiyo" siku moja nilipopaswa kusema "sijui", na imenichukua miaka ishirini kulirudia neno lile.

Sijui kama unakumbuka tulivyokuwa tunapanda kwenda kwa Mjomba Pius. Gari lilituacha Nyandira, tukaendelea kwa miguu, wewe mgongoni mwangu mpaka kwenye ule mteremko wa mipichi, halafu ukataka kushuka utembee mwenyewe ili mjomba akuone unatembea. Alasiri ukungu ulishuka kutoka kilele, na mtu uliyekuwa unapishana naye njiani ulimsikia salamu yake kwanza, ndipo ukaiona kofia yake, ndipo ukamwona yeye. Kulinuka kabichi na moshi wa mkaratusi. Marehemu baba yako alikuwa kiwandani Mzinga na alikuja Jumamosi tu, kwa hiyo wiki nzima nyumba ile ilikuwa ya kaka yangu, ya mkewe, na ya watoto wengi ambao sikuzote sikuwa na hakika ni wa nani.

Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, hilo unalijua. Shamba lile ni la ukoo wetu, kaka alilishika kwa niaba yetu wote. Kwa hiyo nilipomwomba ngazi mbili za shamba, matuta mawili yaliyokatwa mlimani, nijaribu ngano, hakuweza kukataa. Alisema tu, "Ngano. Halafu mwakani utaniletea mitende."

Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la Sista Remigia wa misheni ya juu, aliyekuwa anaoka hostia za komunyo kwa ajili ya parokia. Unga ulimfikia kutoka Dar ukiwa umechelewa, umelowa, pengine haukufika kabisa. Akaniuliza kama baridi ile ya Mgeta isingeweza kuotesha ngano. Nikamwambia inaweza. Na ikaweza.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mwaka mzuri kupita yote niliyowahi kuwa nayo kazini. Tulipanda masika yakiisha, ngano ikakua na kuchanua kwenye baridi kavu ya Juni na Julai. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kuiona. Wengi wao walikuwa wamekula mkate maisha yao yote bila kujua unaota wapi. Kaka alijenga tanuri la udongo nyuma ya jiko, na mkate wa kwanza ulitoka umeungua chini na mbichi juu, tukaula wote hivyohivyo tukisema ni mtamu.

Na kulikuwa na jojo. Hili nadhani unalikumbuka. Kasiani, binamu yako, ndiye aliyegundua kwamba ukitia punje za ngano mdomoni, ukazitafuna taratibu bila kumeza, wanga unayeyuka na kinabaki kitu kinachonata na kuvutika kama jojo ya dukani. Mlikaa ukutani mmejipanga, taya zinafanya kazi kama mbuzi, mkishindana nani atavuta uzi mrefu kutoka mdomoni. Mama Kasiani alikuwa akipita anawauliza, "Hawa nani amewafungulia zizi?"

Kile kinachovutika, kama ulivyokuja kusoma baadaye, ndiyo protini ya ngano. Ndicho kinachofanya unga ushikane na mkate uumuke. Wakati ule mimi nililijua hilo kitabuni. Ninyi mlilijua mdomoni.

Sasa nivumilie nieleze jambo la kutu, kwa sababu kosa langu lilizaliwa hapo, kwenye mwaka ule mzuri.

Ngano ilipokaribia kutoa masuke, majani yalipata vipele vya rangi ya machungwa. Ukipitisha kidole kinatoka na vumbi, ninyi mkajipaka mashavuni mkawa ngoma nzima. Ile ni kutu. Ni kuvu anayekaa kwenye jani na kunyonya chakula kabla hakijafika kwenye punje. Punje inabaki na njaa. Ganda linakuwa lilelile lakini ndani wanga haukujaa, kwa hiyo linakunjamana kama ngozi ya kiganja kilichokaa kwenye maji. Ukiisaga unapata pumba nyingi na unga kidogo. Hairidhishi, lakini haimdhuru mtu, kwa sababu kuvu yule hakuigusa punje yenyewe. Aliiibia njiani.

Tulipovuna nikapeta kwa ungo. Punje nzito nikampelekea Sista. Nyepesi, zilizosinyaa, nikamwachia wifi yangu azisagie uji wa watoto. Baada ya wiki akaniambia, "Wifi, uji wako huu una kasoro. Watoto wanarudi kudai mwingine kabla sijaosha vikombe."

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe: punje haikujaa, kwa hiyo hata anayeila hajai. Alicheka, akaongeza unga wa ulezi, mambo yakaisha. Na mimi nikaandika kwenye daftari langu la kazi: punje zilizosinyaa ni dhaifu, si mbaya. Nililipenda sentensi ile. Nimeiona juzi, mwandiko wangu wa wakati ule, umenyooka sana.

Mwaka wa pili nilikuwa na sifa. Mkuu wangu wa kazi alikuja kupiga picha. Sista aliomba ngano nyingi zaidi, na mapema, nami nikataka kumfurahisha, nikamwambia kaka tupande mapema kuliko mwaka uliopita. Ngazi mbili hazikutosha, tukaongeza ile ngazi ya juu iliyokuwa na mahindi. Kaka akataka kuyachoma mabua kama kawaida. Nikamkataza. Mlima ule ni mkali, mvua ikinyesha udongo wote unateremka mpaka kwa jirani, na mimi nilikuwa nimezunguka vijiji vyote nikiwahubiria watu waache mabua shambani yashike ardhi. Ningeonekanaje, kaka yangu mwenyewe akichoma?

Kwa udongo, ushauri ule ulikuwa sahihi, na hata leo ningeutoa. Lakini kuna kuvu mwingine anayelala kwenye mabua ya mahindi msimu hadi msimu, habagui mahindi wala ngano, anavipenda vyote. Anachosubiri ni mvua na ukungu siku zile chache ngano inapochanua. Nami, kwa kupanda mapema, nilihakikisha kwamba ngano inachanua katikati ya masika, ndani ya wingu, hatua mbili kutoka kwenye kitanda chake. Ningekuwa nimepanga kumwalika kuvu yule nisingepanga vizuri zaidi.

Suke likawa nusu jeupe, nusu kijani. Nikasema ni baridi. Chini ya magamba kulikuwa na utando mwepesi wa waridi, mzuri kutazama kwa kweli. Nikasema ni unyevu, utakauka. Tulipovuna, punje nyingi zilikuwa zimesinyaa. Nikafungua daftari langu nikasoma sentensi yangu, nikatulia.

Lakini hazikuwa kama za mwaka wa kwanza, Skola. Ukiziweka pamoja leo hata mtoto angetofautisha. Zile za kutu zilikuwa nyembamba lakini rangi yake ni ya ngano. Hizi zilikuwa na weupe wa chokaa, nyingine waridi, na zilivunjika ukizibana kwa kucha. Kuvu huyu haiibii punje njiani. Anaingia ndani ya nyumba. Anakula wanga, anaikatakata ile protini, na anaacha sumu ambayo haiondoki hata ukichemsha uji siku nzima. Siku hizi mnaita sumukuvu, na redio inaitangaza kwa mahindi na karanga. Wakati ule neno hilo lilikuwa halijapanda Mgeta.

Nasema lilikuwa halijapanda ili nijipunguzie. Ukweli ni kwamba kuna aliyeniambia.

Ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda napeta, ukaja kuchota punje kwenye ungo ukatia mdomoni. Ukatafuna, ukatafuna, kisha ukatema kiganjani ukanionyesha uji mweupe usioshikana.

"Mama, jojo ya mwaka huu inayeyuka."

Nikacheka. Nikakwambia, "Tafuna vizuri, una haraka." Ukatafuna nyingine, ukanionyesha tena. "Inayeyuka." Nikakufukuza ukacheze.

Ile ndiyo ilikuwa ripoti kamili ya maabara. Protini ilikuwa imeshaliwa, kwa hiyo hakikubaki kitu cha kuvutika. Mkaguzi wa kwanza wa nafaka katika ukoo huu alikuwa wewe, na bibi shamba mwenye cheti alikuambia una haraka.

Nikapeleka nzito kwa Sista. Nyepesi nikampa wifi. Nakumbuka aliinusa, akasema, "Wifi, hii mbona ina harufu ya gunia bichi?" Nikamjibu ni ileile ya mwaka jana, imelowa tu. Aliniamini. Nilikuwa nimesoma.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na ubatizo kwa jirani, na kama kawaida watoto wote waliletwa kwa Mama Kasiani awanyweshe uji wazazi wakiwa kanisani. Lazima ujue alikuwa nani wakati ule. Alikuja pale kama mgeni, kwao ni Gairo, hana ndugu mlimani hata mmoja, lakini kwa mkono wake wa kupika tu alikuwa amejipatia nafasi. Harusi, msiba, ugeni wa askofu, sufuria kubwa ilikuwa yake. Wanawake waliozaliwa pale walimenya vitunguu naye akaonja chumvi. Alimtania kila mtu: "Nyinyi mna ardhi, mimi nina mwiko. Tuone nani atalala na njaa."

Kabla jua halijafika kichwani watoto saba walikuwa wanatapika. Wewe ulitapika mpaka ukawa huna cha kutoa, ukalegea, macho yakarudi nyuma. Mjomba wako alikuchukua mgongoni akateremka nawe mbio mpaka zahanati, mimi nyuma yake nimeshika kiatu chako kimoja. Sijui kiatu cha pili kilibaki wapi. Mlipona wote kwa siku chache. Nimelishukuru hilo kila siku, na pia nimejificha nyuma yake: nilijiambia kwamba kwa kuwa hakufa mtu, hakuna cha kusema.

Jioni ya Jumatatu wanawake walikaa kwenye ua wa kaka. Mama Kasiani alikuwa ndani, anawapa watoto maji kwa kijiko. Mama Leonsia, huyu huyu aliyekaa kwenye karoti, akanigeukia. "Bibi Shamba, wewe ndiye uliyesoma hapa. Inaweza kuwa nini?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimeshashuku, Skola. Ile harufu ya gunia, ile jojo. Lakini pale pembeni kulikuwa na kaka niliyemzuia asichome mabua, na kulikuwa na ile picha iliyopigwa na mkuu wangu.

Nikasema, "Inaweza kuwa maji. Au chombo."

Sikumtaja mtu. Nimejitetea kwa hilo mara nyingi. Sikumtaja mtu, nilisema "chombo" tu. Lakini chombo kilikuwa cha nani?

Wiki hiyohiyo Sista Remigia aliniita. Alinionyesha hostia alizojaribu kuoka kutoka kwenye zile punje nilizoziita nzuri. Zilikuwa zinapasuka kabla hazijatoka kwenye chuma. "Unga wako hauna nguvu," alisema. "Nimeumwaga, nisamehe. Mkono wangu umeukataa." Alikuwa mwanamke wa madarasa machache, alikataa unga wa mtaalamu kwa sababu mkono wake ulimwambia. Nilichukua masuke machache nikashuka mjini kwa mzee aliyenifundisha kilimo chuoni. Akayaweka chini ya lenzi. Hakuchukua hata muda wa kunywa chai. Aliniuliza, "Hapo palikuwa na mahindi?" Nikajua.

Niliporudi nilikusanya ngano yote iliyobaki, kwa kaka na kwa Sista, nikaizika shimoni, nikasema ni mbegu iliyoharibika. Kwa hiyo hakuna aliyekula tena. Hilo nililifanya. Lile lingine, la kusimama mbele ya wale wanawake na kusema "si chombo, ni ngano yangu", nilisema nitalifanya Jumapili. Jumapili nikasema ijayo. Wanawake wakawa wameshapata jibu lao. Walisema haoshi sufuria. Walisema wa Gairo ndivyo walivyo.

Hawakumfukuza mtu. Watu wetu ni wapole, unawajua. Msiba uliofuata Mama Kasiani alifika na mwiko wake kama kawaida, na Mama Leonsia akampokea vizuri sana, akamwambia, "Dada, leo tusaidie kuni."

Na msiba mwingine, kuni. Harusi ya Kasiani mwenyewe, mwanaye wa kumzaa, alipewa kuchota maji.

Wewe ukakua ukiambiwa na watoto wenzako kwamba kwa mke wa mjomba hakuliwi. Nakumbuka ulipokuwa darasa la tano, tulipopanda ukabeba skonzi zako kwenye mkoba, ukazila nyuma ya zizi. Mama Kasiani aliona. Alikuwa amekuchemshia mbaazi changa kwa nazi aliyoiagiza mpaka sokoni Mlali. Alifunika bakuli, akasema, "Mtoto ameshiba safari." Nami nilikuwepo, nikala zile mbaazi mbili mbili ili zionekane zimepungua.

Nimezikumbuka mbaazi zile kuliko nilivyokumbuka watoto saba.

Ulipopata barua ya kazi na ukanisomea, ulipofika pale panaposema utakuwa mkaguzi wa ubora, nilitoka nje. Ulidhani nalia kwa furaha. Wiki iliyofuata nilipanda Mgeta peke yangu. Miguu siku hizi inabishana, nilipumzika mara nne. Nilimkuta anachambua maharage kizingitini. Mjomba wako alikuwa shambani.

"Wifi," akasema, "nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi kaa. Sikukupikii, najua umebeba chako."

Nikamwambia yote, kuanzia mabua. Nilieleza sana, unanijua, nikafika mpaka kwenye kutu na jojo. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akachukua harage moja lililotoboka akawatupia kuku.

"Kwa hiyo sufuria yangu ilikuwa safi."

"Ilikuwa safi."

"Niliisugua kwa majivu na mchanga mpaka ikatoboka, sufuria ile. Nikanunua nyingine. Nilifikiri labda kuna kitu sikioni." Akachota maharage mengine. "Miaka yote hii nilikuwa nafikiri niliwaumiza wale watoto."

Nikamwomba anisamehe. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Mimi unaniambia ya nini? Mimi ndiye niliyekuwa nabeba kuni. Kawaambie waliokuwa wananipa."

Nikamwambia ulikuwa unakaribia kuondoka, kwamba kutakuwa na chakula cha kukuaga, ukoo wote utakuwepo, na kwamba nilitaka apike yeye. Alifikiri sana. Kisha akasema atapika, wali na nyama na mbaazi, lakini hatapakua. "Nitasimama na mwiko wangu. Ukisema, napakua. Usiposema, kitapoa mbele ya wageni wako, na mimi nitapanda gari la kabichi nirudi kwangu."

Hivyo ndivyo ulivyomkuta ulipokuwa unatoka.

Mwanangu, watakuletea gunia siku moja, na atakayelileta atakuwa mtu mwema, amechoka, na amesafiri. Au aliyelikagua kabla yako atakuwa mtu unayemheshimu. Punje zitakuwa zimesinyaa na utakuwa na sentensi nzuri kwenye daftari lako inayoeleza kwa nini. Sina la kukufundisha hapo. Nakuomba tu, ukiona mbili zinafanana, uzitafune. Siku utakapokosea, maana utakosea, nenda kaseme wiki hiyohiyo, wakati kosa bado lina ukubwa wa gunia. Langu nililiacha likawa na ukubwa wa maisha ya mtu.

Nimekatiza hapo kidogo kwa sababu Mama Leonsia ameingia kuchukua vikombe. Ameniuliza naandika nini, nikamwambia orodha. Ameniuliza pia, huku anacheka lakini kwa kweli anauliza, kwa nini nimempa "yule" sufuria kubwa mbele za wageni. Nimemwambia atajua baada ya muda mfupi. Ana miaka zaidi ya sabini sasa, na ni mtu mzuri. Alinisaidia kukulea. Leo nitamwaibisha na yeye, kwa jibu nililompa siku aliyoniuliza kwa nia njema.

Nimewahi kusimama mbele ya mawaziri nikaeleza matuta bila karatasi. Hawa ni wanawake kumi na watano walionijua tangu ninavaa sare ya shule, na nawaogopa.

Sufuria imeepuliwa. Nimeisikia ikikaa chini. Harufu ya nazi imefika mpaka huku. Mtu anauliza sahani ziko wapi, na Mama Kasiani anajibu kwa ile sauti yake ya zamani ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu: "Sahani zipo. Muulizeni Bibi Shamba kwa nini hazijai."

Nasikia na sauti yako getini. "Shikamooni." Wote wanaitikia pamoja, wanakupokea mfuko, wanakutania kwamba umerudi na vumbi lote la Msamvu.

Naenda. Nikishasema, sahani ya kwanza nitamwomba anipakulie mimi. Ya pili itakuwa yako, na ukisoma hapa utakuwa umeshajua kama uliipokea.

Mama yako,
aliyekwambia una haraka